Vitasa Vitatu vya Magomeni

Mama yangu,

Asalaam alaykum. Goti limetulia? Dawa ya kuchua ipo, au umeshamgawia shoga yako Bi Tatu? Mimi mzima, ila koo limekauka kwa kubishana bei na wauza viatu wa soko la Zhanxi huku ughaibuni. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ujumbe wa sauti husikilizwa na nyumba nzima, na haya ni yako peke yako. Nina furaha, hata sijui nianzie wapi.

Unamkumbuka Mama Lin aliyekuwa akiniuzia ndala za jumla? Kastaafu. Niliposikia anaishi kwenye majengo ya wazee, roho iliniuma. Jumapili nikafunga safari na machungwa yangu, kwenda kumpa pole mama wa watu aliyetupwa na wanawe.

Mama, nilimsubiri mlangoni saa nzima! Alikuwa kwenye mazoezi ya ngoma. Akaja anatoka jasho, akafungua kwa ufunguo wake, akapika tambi kwenye jiko lake, kisha akaniamuru nioshe bakuli langu. Pale wote wanajiweza. Kila mtu na kwake, bustani ni ya wote. Nikamuuliza, je, akianguka? Akanionyesha kibao mlangoni. Akiamka anakigeuza upande mwekundu. Jirani akipita kabla ya chai akakuta hakijageuzwa, anagonga.

"Wanangu wote wananitaka," akaniambia. "Lakini kwao mimi ni mgeni. Hapa wageni ni wao."

Wallahi aibu ilinishika. Wewe ulituomba hayohayo: ubaki Magomeni, Bi Tatu na Bi Mwajuma wahamie vyumba vya uani, kila mmoja na jiko lake. Mimi mwanao mkubwa ndiye niliyekataa, eti watu watasema tumekutupa, nikamwambia mdogo wangu Idi akuhamishie kwake Mbezi mwisho wa mwezi. Nisamehe, Mama. Usihame. Nimeshampigia Idi, amenuna, lakini amekubali.

Nisalimie mashoga zako wote wawili, na Idi, na wifi yangu aliyekwisha kukuandalia chumba. Mwambie ahsante sana.

Mleta barua ana mfuko mzito. Humo mna vibao vitatu vya kugeuza, nilivyovipata kwenye maduka ya Yide Lu, na vitasa vitatu na funguo zake. Ufunguo mmoja wa kitasa chako niliutia pochini mwangu, niwe nao kwa dharura. Nimeutoa. Funguo zote zimo humo, Mama. Nikija nitapiga hodi.

Mwanao,
Zuhura