Silaha Zisizopita Mlangoni

9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na mkaza mjomba naye mgongo wake umetulia. Mimi mzima, ila vidole vimejaa matundu ya sindano. Tumepewa oda ya sare za wauguzi na msimamizi anataka ziwe zimeisha jana.

Najua simu husikii tangu grenda la kusagia chuma liharibu masikio yako, ndiyo maana naandika. Leo nina ombi la kipuuzi. Jirani yangu hapa ninapopanga ni kinyozi. Jumapili akifunga duka tunakaa mezani watu watatu, yeye, mimi na mpishi wa kantini yetu, tunacheza mchezo wa hadithi. Kila mtu ana mhusika wake. Kinyozi anasimulia kwamba tumefika mlangoni pa pango, ndani kuna zimwi, je, tunafanya nini? Unasema utakachofanya, unarusha dadu, dadu ndiyo inaamua kama umeweza. Ni hivyo tu, lakini tunagombana utadhani tunagawana urithi.

Ugomvi wa sasa ni silaha. Mpishi amempa mtu wake upanga mrefu kuliko yeye mwenyewe, anaubeba mgongoni, na deraya ya chuma yenye miiba mabegani. Mimi nikaropoka kwamba nina mjomba anayechomelea mageti, yeye ndiye atakayetuamulia. Nimekuchorea vyote viwili nyuma ya karatasi hii. Tuambie.

Mpwa wako

---

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mgongo wa mkaza mjomba wako unalalamika, lakini mwenyewe kakataa kulalamika, kwa hiyo wanaishi hivyo hivyo.

Michoro nimeiona. Huo upanga, akishauvaa mgongoni atauchomoaje? Apime mkono wake. Labda adui awe mstaarabu, amshikie ncha. Na hiyo miiba ya mabegani, akigeuka kumwita mwenzake atajitoboa shavu, na kulala atalala wima kama fagio.

Unakumbuka kile kitanda cha chuma nilichokitengeneza ndani ya karakana, kikakataa kutoka, tukabomoa fremu ya mlango? Tangu siku ile sipimi kitu kwa macho. Nikimaliza kazi nakipitisha mlangoni kwanza. Na silaha ya mtu ipite hivyo hivyo, ikiwa mikononi mwake, bila kumdhuru yeye wala mlango. Hizi zenu hazipiti.

Msalimie huyo mpishi. Ajaribu kisu.

Mjomba wako

---

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na pole na kazi. Barua yako niliisoma mezani, mpishi akacheka hadi akashika mbavu, na yeye ndiye aliyetukanwa. Kinyozi ameibandika kando ya kioo, wateja wanaisoma huku wananyolewa. Sasa ni sheria: silaha haiingii mchezoni mpaka wewe uandike kwamba imepita.

Leo ni zamu yangu. Mhusika wangu anaitwa Kishindo, mwanamke wa miraba minne. Nimemchorea tufe la chuma lenye miiba, limefungwa kwenye mnyororo mrefu, analizungusha juu ya kichwa. Usinivunje moyo. Mwisho wa mwezi ujao tunakutana na joka, na Kishindo hana kitu kingine mkononi.

Mpwa wako

---

15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku tunaendelea salama, kazi zipo, ni uzio wa shule, fito za chuma hazina idadi.

Hilo tufe halipiti. Likikosa shabaha haliishii huko, linarudi kwa aliyelirusha, tena na hasira. Mkuki una heshima, ukiutupa umekwenda. Mpe Kishindo rungu.

Mjomba wako

---

24 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Hujambo wewe na nyumba yote? Mimi sijambo ila nimenuna.

Wewe mwenyewe ulisema hupimi kitu kwa macho. Tufe langu umelipima kwa kitu gani kama si kwa macho? Umelipitisha mlango upi? Nilipomwambia Mpishi umekataa bila hata kujaribu, akasema huenda mzee siku hizi anaogopa minyororo. Nilikutetea, lakini kwa sauti ndogo. Pima kweli, kisha ukikataa nitanyamaza.

Mpwa wako mkaidi

---

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima.

Nimelitengeneza tufe na kulijaribu. Limepita. Linafaa. Samahani kwa kuchelewa na kwa mwandiko, cheche imeniunguza kidole kidogo.

Mjomba

---

19 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika siku moja kabla ya ile Jumapili ya joka, ambalo Kinyozi alikuwa ameliahirisha likusubiri. Niliruka kama mtoto. Kishindo alizungusha tufe lake, nikarusha dadu, ikaja namba ya juu kabisa, joka likaanguka. Mpishi alinipigia makofi akiwa amesimama.

Kinyozi peke yake hakupiga makofi. Aliichukua barua yako akaigeuza, akaangalia na nyuma, na hakuibandika kando ya kioo. Nilimuuliza ana nini. Akasema, "Huyu mzee ameandika kwamba kitu kinafaa, na hajakitukana hata kidogo. Si yeye."

Nilimwambia aache uchawi wake. Lakini nikalala nayo, nikaamka nayo, siku zikapita nikiwa nayo. Herufi zako zote zimelalia kushoto. Kidole kilichoungua hakifanyi hivyo, Mjomba. Mimi ni mshonaji, naujua mshono wa mkono usiozoea.

Niambie kilichotokea.

Mpwa wako

---

11 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nilikuwa nimeapa kwamba jambo hili litaishia kwangu. Ukubwa jalala, nikasema nitalimeza. Basi kinyozi wenu ana macho.

Nililitengeneza kwa jiwe la mizani ya zamani na mnyororo wa geti. Nikangoja mkaza mjomba wako aende sokoni, nikatoka nalo uani. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri, sitakuficha, nilijisikia kijana. Wa pili mnyororo uligusa fremu ya mlango wa karakana, ule ule wa kitanda, na tufe likarudi. Nilijikinga kwa mkono wa kulia. Kiwiko kilipasuka. Wameweka vyuma ndani, fikiria, chuma kimechomelewa ndani ya fundi wa kuchomelea.

Mkono haunyooki na haupandi juu ya kiuno. Naandika kwa kushoto. Uzio wa shule amepewa fundi mwingine. Mkaza mjomba wako nilimwambia geti liliniangukia, na tangu siku hiyo maskini hapiti chini ya geti lolote bila kulitazama.

Nilisema limepita kwa sababu ningesema halijapita ungeniuliza nimejuaje.

Mjomba wako

---

25 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sijui niulize vipi kuhusu afya yako wakati mimi ndiye niliyeiharibu.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja hata mtoto azaliwe. Nimeisoma ile barua yangu ya Aprili kichwani mara nyingi. Maneno ya mpishi nisingekuandikia kama nisingetaka yakuchome. Nilijua kabisa ukiambiwa unaogopa utafanya nini, maana umenilea na nakujua. Nilitaka tufe langu liingie mezani. Na nilipopigiwa makofi, wewe mkono wako ulikuwa umefungwa, unajifunza kushika kijiko upya.

Jumapili niliwaeleza. Mpishi alilia, akasema yale maneno ni yake. Nikamwambia ni yake, lakini stempu niliibandika mimi. Kinyozi akasema tunaweza kurudisha hadithi nyuma, joka lisife. Nikakataa. Nilichukua karatasi ya Kishindo nikamwondoa mkono wa kulia. Mpishi akasema dadu haikusema hivyo. Nikamjibu dadu haikuulizwa.

Halafu nilipofika chumbani aibu ikazidi. Mkono wa Kishindo ni wa penseli, Mjomba. Nimeufuta kwa kifutio na kesho naweza kuuchora tena.

Kwa hiyo nimefanya kitu ninachokiweza. Kwenye kifurushi hiki kuna kishikizo cha turubai. Nimekishona kwa mashine ya kazini wakati wa chakula cha mchana. Mkanda mmoja unapita shingoni, mwingine chini ya kwapa, na mkono wa kulia unakaa kwenye mfuko, ili ubane fito wakati wa kushoto unachomelea. Mezani kwetu nimepitisha mwenyewe: kisiitwe kizuri wala kibaya mpaka wewe ukipime. Na usiniandikie kwamba kimepita kama hakijapita. Hilo tu nakuomba, hata kama sistahili kuomba.

Mwambie mkaza mjomba ukweli. Amechoka kuyaogopa mageti.

Mpwa wako

---

3 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Huku tuko wazima, na safari hii niamini. Mkaza mjomba wako nimemwambia. Alilichukua lile tufe akaenda kulitupa chooni kwa mikono yake, na mgongo ule ule. Sasa anapita chini ya mageti kifua mbele.

Nikuambie kuhusu kosa. Umelisubiri jibu hilo, nalijua, na ningekuwa mjomba wa hadithi ningekwambia huna kosa. Unalo. Ulinichokoza makusudi. Na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikachokozeka, kisha nikakudanganya ukashangilia uongo. Langu si dogo kuliko lako. Wewe beba lako, mimi nibebe langu, tusinyang'anyane mizigo. Daktari hasemi tena kwamba mkono utanyooka, na mimi nimeacha kumuuliza.

Sasa kishikizo chako. Mwanangu, hii shingo ulimpimia nani, twiga? Mkanda wa kwapa ni mfupi, ule wa shingo unaning'inia hadi kitovuni, na mfuko umeushona upande ambao mtu mwenye akili hana kiwiko. Nilikivaa, mkaza mjomba wako akacheka mpaka akakaa chini, mara ya kwanza tangu Mei. Nikabana ufito, ukashika. Kidogo, lakini ukashika. Nikachomelea inchi mbili zilizopinda kama nyoka. Halafu nikajaribu kutoka nacho nje, mkanda ukanasa kwenye komeo, nikabaki pale mlangoni nimefungwa kama mbuzi hadi mkaza mjomba wako alipokuja kunifungua.

Mwambie Kinyozi aibandike hii. Hakijapita.

Nimetia chaki pa kukata, lakini sikirudishi kwa posta. Mtu hapimwi nguo kwa barua. Njoo na futi yako.

Mjomba wako