Jumamosi Kwake, Jumapili Kwangu

Jumamosi, 3 Mei
Mvua tangu alfajiri. Nimechuma chai kwa Moraa, nikapeleka kituoni. Karani kalalamika ati majani yamelowa. Alitaka niyaanike kwenye moshi?

Moraa ni wa kanisa la Jumamosi, mimi wa Jumapili. Akiwa kanisani namchumia, nikiwa kanisani ananichumia. Ndivyo tumeishi tangu watoto wetu wakiwa mgongoni. Chai haijui sabato. Ikipitisha siku inakomaa, na karani anaikataa. Sasa Moraa ana saratani ya koo, hachumi tena. Mimi bado namchumia. Yangu ya kesho yatangoja Jumatatu.

Jumapili, 4 Mei
Mchungaji ametangaza mkutano wa umoja hapa Chepilat. Makanisa yote, hema moja. Wameuita Mwili Mmoja. Nilipiga makofi kuliko wote. Mjinga mimi.

Alhamisi, 8 Mei
Nimeitwa na wazee wa kanisa. Kumbe kila kanisa linafagia nyumba kabla wageni hawajafika. Kosa langu: miaka yote nilimwacha Moraa afanye kazi shambani mwangu siku ya Bwana. Benchi la nyuma, bila meza ya Bwana, mpaka nitubu mbele ya watu.

Nikaenda kwa Moraa kumsimulia. Nikapishana langoni na wazee wa kanisa lake wakitoka. Kosa lile lile, siku tu ndiyo tofauti. Tangu nizaliwe sijaona makanisa haya mawili yakikubaliana hivi.

Ningecheka, lakini kwake si mchezo. Anayekufa chini ya adhabu hiyo, kanisa lao halimziki. Hakuna mchungaji, hakuna kwaya. Kwetu ni hivyo hivyo. Moraa anaogopa hilo kuliko saratani yenyewe. Mkono wake ulikuwa baridi.

Jumamosi, 10 Mei
Nimechuma kwake. Mchana kweupe, upande wa barabara, anayetaka kuona aone.

Nikampelekea uji mwepesi. Haukupita. Nikamwambia atubu tu, maneno ni ya mdomo, azikwe kama watu. Alinikazia macho.

"Mama Chebet, nitubu nini? Ati ulinisaidia? Nikisema hiyo ni dhambi nitakuwa nimedanganya, na niko karibu kwenda kwa Mungu."

Akapumzika. Halafu akaniuliza kama naamini Yesu alikufa, akazikwa, akafufuka. Nikasema naamini, si unajua. "Basi utanizika wewe."

Nilikasirika. Mimi nani? Hata kuombea chakula cha wageni humwachia mume wangu. Nikasema sawa. Tukasali Baba Yetu, yeye kwa midomo tu.

Jumanne, 13 Mei
Moraa ametuacha asubuhi. Hakutubu.

Mumewe alikwenda kwa mchungaji wao, kisha akajishusha akaja kwa wetu. Wote wana shughuli za hema. Wa kwetu alisema atamkumbuka katika maombi. Nimelia mpaka machozi yakaisha, hasira ikabaki.

Ijumaa, 16 Mei
Tumemzika. Kule sokoni, kwenye hema la mkutano, walikuwa wanajaribu vipaza sauti. Halo, halo, moja mbili. Mpaka kaburini vilisikika.

Watu walisimama mbali, wengine nyuma ya migomba, wakiogopa kuonekana. Nilivaa aproni yangu ya kuchumia. Nguo ya kanisani ilikataa kunikaa mwilini leo. Nikasema ninachojua: Kristo alikufa, akazikwa, siku ya tatu akafufuka, na Moraa aliamini hivyo mpaka mwisho. Kisha nikakwama. Sauti ilikwisha kabisa. Nikaona aibu, nikaona nimemwangusha.

Mke wa mzee mmoja wa kanisa lao, aliyekuwa kwenye migomba, akaanza Baba Yetu. Wa kwetu wakaitikia. Wakasogea, wa Jumamosi na wa Jumapili, wakachanganyika pale kwenye udongo. Tulikwenda pamoja mpaka amina. Halafu wakatawanyika haraka, kila mtu na njia yake, kama watu waliofumaniwa wakiiba.

Jumamosi, 17 Mei
Nimechuma kwa Moraa. Mumewe alinipokea kikapu. Chai yake imestawi sana.

Jumapili, 18 Mei
Mume wangu amekwenda hemani. Mimi sikwenda. Nimekaa mlangoni, nasikia yote kutoka huku. Wachungaji wetu wawili wameitwa jukwaani washikane mikono. Vigelegele virefu. Mhubiri amesema sisi ni mwili mmoja.

Mvua imekatika. Majani yangu yameinuka, mengine yameanza kukomaa. Kikapu kiko hapa, na hakuna wa kunikataza leo. Nimekiacha. Jumapili ni siku ya Moraa kunichumia.