Dole Gumba Kando ya Ghala

Jumatatu, 6 Mei
Somo la nne: ridhaa. Wanafunzi sita, wote wauguzi. Nimerudia mara tatu. Kabla ya kuweka dole gumba, mzazi aelewe kwamba huu ni utafiti, kwamba mtoto akiugua anaweza kupewa dawa mpya ya malaria badala ya ile ya kawaida, na kwamba akikataa hanyimwi matibabu. Dafroza, muuguzi kutoka Ilagala, ndiye pekee asiyesoma kwenye karatasi. Kiha chake kinaelewana na Kirundi cha wakimbizi. Kesho kambini.

Jumanne, 7 Mei
Meza ya ridhaa nimeipanga mwenyewe, kando ya ghala la mgao wa chakula. Kina mama wapo hapo tayari, na pana kivuli. Mpaka saa saba, fomu ishirini na nne. Dafroza peke yake kumi na moja. Daktari anayesimamia utafiti amefurahi: "Madam, huyu umetuletea mashine." Nimefurahi pia. Dawa zinaanza kutolewa Alhamisi.

Jumatano, 8 Mei
Nimepita kwenye mahema kuhakiki. Mama wa kwanza kaniuliza mafuta yatatoka lini. Mafuta gani? Yale aliyowekea dole jana. Wa pili alikuwa anasubiri unga. Wa tano kagombezwa na mumewe kwa kusahau kuandikisha jina la mama mkwe.
Nimehoji kumi. Tisa walidhani wamejiandikisha mgao.
Foleni, meza, wino, ghala. Tangu walipovuka mpaka na kuingia Kagunga, kila walipoweka dole walipata chakula. Dafroza alieleza sawasawa, neno kwa neno. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumsikiliza. Kosa ni langu. Meza niliiweka mimi.
Nimemwambia daktari fomu hazifai. Kasema zina dole, zimekamilika. "Sasa Madam, unataka tuwape na mtihani?" Nikajibu ndiyo. Maswali matatu. Hakucheka. Kasema tukichelewa, wafadhili watahamishia utafiti kambi nyingine. Wanafunzi wangu watabaki bila mazoezi, na bila mazoezi hakuna cheti.

Alhamisi, 9 Mei
Fomu zote nimezipiga mstari mwekundu. Sijazichana, kumbukumbu zibaki. Barua kwa kamati ya maadili imeondoka na gari la asubuhi. Kwenye nafasi ya aliyekosea nimeandika jina langu. Hakuna mtoto aliyepewa dawa mpya.
Mchana Dafroza kanifuata nyumbani Rusimbi.
"Shikamoo, Madam. Kwa hiyo nimefeli?"
Nikamwambia hajafeli, ila zile kumi na moja zimefutwa.
"Si ndiyo hiyo hiyo."
Chai hakunywa. Nimeumia.

Ijumaa, 10 Mei
Nimechora kosa langu ubaoni: ghala, foleni, meza. Miaka mingi nafundisha, sijawahi kufanya hivyo. Dafroza, bila kunitazama: "Tuwafuate kwenye mahema. Meza tuiache. Na wino usitoke mfukoni mpaka mama atueleze yeye, kwa maneno yake." Mwenzake kamtania kwamba kwa mwendo huo watastaafu hapo hapo kambini. Nimekubali pendekezo. Lake ni bora kuliko langu.

Jumatatu, 20 Mei
Kamati imeruhusu tuanze upya. Daktari ametupa wiki moja.

Jumanne, 21 Mei
Hema kwa hema. Siku nzima, fomu tatu.
Hema la mwisho, mama mwenye mtoto wa miezi minane. Dafroza alikaa naye mkekani karibu saa nzima. Mwishowe mama kajibu maswali yote matatu bila kukosea, kisha: "Nimeelewa, dada. Mnaijaribu. Basi mkaijaribu kwa wa kwenu, huyu wangu hapana." Majirani wakacheka. Dafroza naye. Kamshukuru, kamwelekeza kliniki ambako mtoto akiugua atatibiwa kama kawaida, kaandika daftarini: amekataa.
Nilikuwa nimekaa nyuma yao. Sikuwa na la kusahihisha. Nimemtilia saini ya kufaulu mazoezi.