Lusajo, Kiboko Wako Ameliwa

Lusajo, rafiki yangu,

Ugonile. Najua hutaitika, lakini tangu tukiwa watoto hatujawahi kuanza maneno bila kusalimiana, na sioni kwa nini tuache sasa. Nimekaa nyuma ya bucha, mvua inapiga bati, wateja hawaji. Nina jambo ambalo siwezi kumwambia mke wangu wala mchungaji. Kiboko wako ameliwa, ndugu yangu, na namna alivyoliwa ndiyo inayoninyima raha.

Kwanza habari za nyumbani, maana ungekuwa wewe ungeanza na hizo. Bupe mkeo yupo, hakurudi kwao Talatala kama watu walivyokuwa wanavumisha. Kakao zako anazipalilia mwenyewe na anamtunza mama yako vizuri. Mama macho yamezidi. Mtoto wa jicho ameziba kabisa upande wa kulia, na wa kushoto anaona vivuli tu. Kwenye kwaya besi yako wamempa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Anaimba vizuri, ila mimi simpendi. Nikimsikia nageukia dirishani mpaka wimbo uishe.

Mvua za mwaka huu zimetutesa. Mto ulifurika ukafukia majaruba ya bondeni, na mpunga uliosalimika kiboko akaja kuumalizia. Watu wana njaa, Lusajo. Si njaa ya kutangazwa redioni, ni ile ya kukata mikungu ambayo haijakomaa, na mama kuwaambia watoto kwamba leo ameshiba. Bucha kwangu wanapita wanasalimia tu, wengine wanapitia upande wa pili wa barabara wasije wakanitia aibu au wakaona aibu wao.

Aliyeletwa kushika nafasi yako ya uaskari wa wanyamapori ni dada mmoja kutoka Iringa, anaitwa Neema. Ingenifurahisha kidogo kukuambia kwamba hafai, lakini anafaa. Alipofika tu, kabla hata ya kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, alikwenda kumsalimia mama yako. Akapiga magoti, akasema "mugonile" kwa ule ulimi wake wa Iringa, na mama akacheka. Alikuwa hajacheka tangu tukuzike. Kisha Neema akauliza habari za fungu la wasiofika.

Basi ujue umeacha jina. Wewe mwenyewe unakumbuka ilivyokuwa zamani: kiboko akishaharibu mashamba na wilaya ikatoa kibali apigwe, meno yanakwenda ofisini kwa sababu ni nyara za Serikali, na nyama wanapewa wananchi bure. Bure kwa mwenye panga. Wenye nguvu walijikatia mapaja, wajane wakaondoka na utumbo. Siku uliponiita kwa mara ya kwanza nije na visu vyangu, ulisimama mbele ya umati na bunduki begani, ukasema hakuna wa kugusa mpaka wasiofika wapate chao: wagonjwa, kina mama waliojifungua pale zahanati, wazee wasiotembea, wale yatima wanaolelewa kanisani. "Aliyefika ana miguu," uliwaambia. "Mwenye miguu atasubiri." Tukafunga mafungu kwa majani ya migomba, yakapelekwa nyumba kwa nyumba, na watu wakanuna jioni nzima. Walizoea baadaye. Leo ukiwauliza watakuambia ni mila ya tangu babu zao.

Na kabla sijaingiza kisu, wewe ulimsogelea yule mnyama ukampa pole. Nilikuwa nakucheka sana kwa hilo. Nilikuuliza, umempiga wewe mwenyewe, pole ya nini? Ukanijibu bila kutabasamu: "Alikuwa anakula tu, kama sisi." Halafu ukageuka mgongo, maana damu hukuiweza kuitazama, askari mzima wa wanyamapori. Ulikuwa unanisemesha ukiwa umetazama migomba.

Huyu kiboko aliyekuondoa tulimjua wawili. Ulinionyesha siku ile tuko ng'ambo ya mto: sikio la kushoto limechanika mpaka kwenye shina. Mama naye ulimsimulia, kama ulivyomsimulia kila kitu. Asubuhi ya msiba wetu kibali kilikuwa bado hakijatoka, ukasema tutamfukuza kwa makopo na kelele. Kina mama walikuwa wameinama wanapandikiza, naye akatokea kwenye matete nyuma yao. Ulikimbia ukasimama kati. Risasi ukaipiga hewani. Mengine siandiki, ulikuwepo.

Baada ya hapo alipotea. Tulisema amevuka mto Songwe amekwenda Malawi, akale mpunga wa wenzetu. Mafuriko yakamrudisha.

Wiki iliyopita Neema alipata kibali, akampiga kulipokucha, risasi moja, karibu na majaruba yale yale. Nilipofika na visu vyangu watu walikuwa wamejaa na sufuria na mabeseni, lakini wamesimama mbali na hakuna anayesogea. Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyesema kilichokuwa mioyoni mwa wote. Alisema kama huyu ndiye aliyemuua Lusajo, nyama yake hailiwi. Atakayeila atakuwa amemla Lusajo. Hakuna aliyembishia. Unajua mwenyewe tulivyo, hata mwenye njaa kali huo mwiko hauvuki.

Mwenyekiti akanigeukia mimi, kwa kuwa siku ile nilikuwepo. Akaniuliza: ndiye, au siye?

Kiboko alikuwa amelalia ubavu wa kulia. Sikio la kushoto lilikuwa juu, limejaa tope, na mimi nilikuwa nimeshaliona. Nikisema ndiye, mlima wote ule wa nyama unafukiwa, na pale zahanati kuna wazazi wanakunywa uji mtupu. Nikisema siye, nimekudanganya wewe, na nimewalisha watu kitu ambacho wakija kukijua watakitapika na kunilaani. Nikajibu kwamba tope ni jingi, sioni vizuri. Mchinja ng'ombe miaka yote hii, leo tope linanishinda. Neema akasema kwa upole kwamba jua likipanda nyama itaharibika, na hapo itabidi aamuru lichimbwe shimo. Watu wakaanza kutazama mabeseni yao.

Ndipo mama yako akaja. Yeye ambaye fungu lake lilikuwa la kwanza kufungwa kila mara, siku hiyo alifika kwa miguu yake, ameshikwa mkono na Bupe, kanga imelowa mpaka magotini. Watu wakampisha. Hakuuliza kitu, inaelekea alishaambiwa njiani. Alisema tu apelekwe kichwani.

Alipiga magoti kwenye tope, Lusajo. Akaweka mkono puani, akaupandisha taratibu, akapita kwenye jicho, akafika kwenye sikio. Akapangusa tope kwa kidole gumba. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, nimeinama na kisu changu, na nikaona vidole vyake vinaingia kwenye ule mchaniko na kusimama humo. Midomo ilimtetemeka. Nikajua sasa basi, atalia, na tutachimba shimo.

Hakulia. Alilifunika sikio lote kwa kiganja, akageuza uso kule alikosikia watu.

"Siye huyu," akasema. "Aliyemuua mwanangu sikio lake lilichanika, mwenyewe aliniambia. Hili ni zima. Gaweni, watoto wana njaa."

Kisha, bado kiganja kiko pale pale, akaniita jina langu. "Ambokile, anzia hapa kichwani. Binti wa Iringa anasubiri meno yake."

Nilielewa. Nilianzia hapo. Mkono wake ulipoondoka wangu ulikuwa umeshafika, na kabla mtu hajasogea karibu nilikuwa nimeshalikata sikio na kulitupa mtoni, limekwenda na maji. Pole yako kiboko sikumpa. Nilijaribu kuisema kwa niaba yako, mdomo ukakataa kabisa, unisamehe. Labda siku nyingine nitaweza, kwa kiboko mwingine.

Tulifanya kama ulivyotufundisha. Mafungu ya wasiofika kwanza, majani ya migomba, nyumba kwa nyumba, mpaka zahanati na kwa wale yatima. Neema alisimama na bunduki begani, na hakuna aliyenuna. Jioni kijiji kizima kilinukia moshi wa nyama. Nilipita njiani nikasikia watoto wanacheka kwenye majiko, sauti ambayo ilikuwa imepotea kwa muda. Wazee walinishika mkono wakanishukuru, "ndaga fijo," kana kwamba mimi ndiye niliyewapa. Niliitikia tu. Nilikuwa na furaha na nilikuwa nataka kutapika, vyote kwa pamoja, na sijui hata leo kipi kilizidi.

Fungu la mama nililipeleka mwenyewe. Nilimkuta amekaa barazani ananawa mikono kwenye beseni, na maji yalikuwa safi, maana yake alikuwa ameshanawa na kunawa tena. Nikaliweka fungu mbele yake. Akalisukuma kwangu kwa nyuma ya mkono.

"Hilo mpelekee mwingine," akasema. "Mimi leo nilifika."

Nikakaa naye. Bupe alikuwa jikoni. Mama akaniuliza sikio nimeliweka wapi. Nikamwambia mtoni. Akasema vizuri. Akaniambia nisimwambie mtu yeyote, hata Bupe, hata akishakufa yeye. Nikaapa. Halafu ndipo akalia, Lusajo, kwa sauti ndogo, akijifunika mdomo kwa kanga ili jikoni wasisikie. Nilimshikia beseni.

Nimekuwa nikiwaza sana juu ya hili. Wewe ulisimama kati ya kiboko na kina mama, na watu wakakuita shujaa, wakakuimbia. Mama yako alisimama pale pale ulipofia, akamshika aliyekuua, akamkana, ili watu wale. Hakuna atakayemwimbia. Hakuna atakayejua, na akijulikana watamchukia. Nimetaka awepo mtu mmoja, zaidi yangu, anayejua alichokifanya. Nikaona mtu huyo ni wewe. Kwako sijavunja kiapo, au kama nimevunja, mtanisamehe huko huko.

Nakuahidi haya. Kila nitakapochinja, supu ya mama itatoka kwangu, na nitaileta mwenyewe. Mahali popote atakapopigwa kiboko katika bonde hili, fungu la wasiofika litatangulia maadamu nina mikono. Na siri ya mama nitakwenda nayo kaburini, pale karibu yako ambapo nimeshawaambia wanangu waniweke.

Mvua imepungua, kuna mtu anapiga hodi dirishani. Lala salama, rafiki yangu. Siku mama atakapofika huko, atataka kukueleza mwenyewe, na ataogopa utasema nini. Mwache aeleze mpaka mwisho. Jifanye hujui.

Wako,
Ambokile