Mbuzi Walifika Kabla Yetu

Bulengera, Butembo
Tarehe 24 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Delphin,

Nakusalimu kwanza kwa jina la Yesu, maana nikianza na yale yaliyo moyoni nitasahau adabu. Hujambo? Kile kifua kilichokusumbua mwezi wa tisa kimepona? Baridi ya Grenoble imeanza? Vaa ile sweta ya mama, hata kama wenzako wanaicheka.

Sisi hapa tu wazima, isipokuwa goti la baba mkubwa Salomon, nitakueleza. Na isipokuwa mimi, kwa sababu nina hasira nawe.

Nimeandika kwa karatasi makusudi. Kwenye simu unanikatiza, halafu unatuma kidole gumba. Amisi wa malori anavuka mpaka wa Kasindi keshokutwa, na ataituma barua hii akifika Kampala. Humu hunikatizi.

Unajua kwamba Jumamosi ya wiki iliyopita tulikwenda kwao Sophie kukuposea. Unajua pia kwamba hatukufika. Ulichoambiwa ni kwamba mvua ilituzuia, kwa sababu baba mkubwa alikuonea huruma. Mimi sikuonei.

Kabla ya safari, mzee alikuuliza kwenye simu, nami nikiwa karibu, njia ya kupanda kwa wakwe ikoje. Nawe ukamjibu kwa rangi. Tangu uanze kuteleza kwenye theluji na wenzako wa chuo, kila mlima kwako una rangi: verte ya wanaojifunza, bleue ya waliozoea kidogo, rouge ya waliozoea kabisa, halafu noire ya wenye vichwa vigumu. Ukasema umeangalia mlima kwenye simu, umeona mistari ya mwinuko. "Baba mukubwa, ile iko bleue tu. Utapanda mikono mu mufuko." Mpaka kicheko chako nakikumbuka.

Mzee alifurahi sana. Akatoa viatu vyake vya ngozi, vile vyenye ncha alivyovaa kwenye ndoa ya ndugu yetu Kahindo. Nilimwomba abebe hata buti za mpira. Akaniangalia kama nimemtukana. "Kavugho, niingie kwa bakwe na mabuti, kama mutu anatoka mu shamba? Mais mutoto alisema njia iko muzuri!"

Basi tukaenda: yeye kama msemaji wetu, shangazi yetu tante Kanyere, mimi, na binamu Henri aliyeshika kamba za mbuzi. Barabara ya Beni mpaka Mutwanga ilikuwa imetulia siku hiyo, namshukuru Mungu. Pale Mutwanga tulipiga simu kwa baba yake Sophie, mzee Stanislas, kumuuliza kama bado ni mbali. "Hapana mbali, iko hapa tu, nyuma ya migomba." Wewe umezaliwa huku, unajua desturi. Mgeni haambiwi kwamba njia ni ndefu, utamvunja miguu kabla hajaanza. Kwa hiyo wakwe wanasema hapa tu kwa heshima, wewe unasema bleue kwa elimu, na mzee wa watu yuko katikati na viatu vya ncha.

Migomba ile tuliipita, Delphin. Tukapita mingine, na mingine tena. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kila baba mkubwa alipoinua mguu, kiatu kilibaki matopeni. Tukakutana na mama mmoja anashuka, kikapu cha maharagwe kichwani na mtoto mgongoni, hata jasho hana. Akasema, "Muko karibu kufika." Tukapanda mpaka pumzi zikakauka, tukakutana na mwingine. Naye akasema tuko karibu kufika. Wa tatu alipofungua tu mdomo, tante Kanyere akaanza kucheka, lile cheko lake linalomshika hata matangani.

Kuna kijito kule, kimewekewa gogo la kuvukia, limelowa na kuota ukungu. Hapo ndipo mzee alipoteleza akaangukia goti. Henri akaachia kamba amdake. Mbuzi hawakungoja mtu. Walivuka gogo wakifuatana, wakashika njia ya juu kama wanakwenda kwao.

Donc, mbuzi walifika kabla yetu. Mbuzi wa posa waliingia katika uwanja wa mzee Stanislas bila mtu na bila neno, watu wote wameketi na nguo zao za sherehe, wakaenda moja kwa moja kwenye kabichi za mama yake Sophie. Kwetu neno ndilo linalotangulia, mbuzi hufuata. Nimeambiwa babu mmoja wa huko aliwatazama vizuri, akauliza kama hao ndio wakwe wenyewe: "Hizi njo bakwe?" Nilipoambiwa hivyo nilitamani ardhi inimeze.

Aliyeshuka kututafuta ni Sophie mwenyewe, buti za mpira miguuni, na fimbo mkononi. Alimfunga mzee goti kwa kitenge chake. Nilishangaa kwamba hakushangaa. Nikamuuliza, na jibu lake ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

"Yaya, dada yangu, mimi nilimuambia Delphin. Nilisema baba mukubwa asipande, tukutane huku chini ku kanisa ya paroisse. Hata Papa yangu alikubali kushuka. Delphin akasema hapana, ninazidisha, njia iko bleue."

Kumbe ulijua! Msichana aliyepanda njia ile tangu alipokuwa mgongoni mwa mama yake alikuambia ilivyo, nawe ukaiamini simu. Na sisi hukutuambia hata neno moja. Halafu akaendelea, bila kupandisha sauti: "Hakuamini neno yangu juu ya njia ya kwetu. Nikifika kwake, ataniamini juu ya nini?"

Delphin, nimekutetea tangu ulipokuwa unaiba sukari kabatini. Pale kwenye gogo sikukutetea.

Henri alimshusha mzee mgongoni. Sasa anakaa kwangu, goti limevimba kama papai, na viatu amevianika juu ya bati wala hataki vizungumzwe. Mbuzi wamebaki mlimani. Hawakupokewa, hawakurudishwa, wamefungwa tu nyuma ya jiko. Mzee Stanislas hana kisa na kabichi, amecheka nasi vizuri kwenye simu. Ila amesema binti yake hajasema ndiyo, hajasema hapana, na yeye hatasema kabla yake.

Mambo mengine ni ya kawaida. Kahindo amejifungua msichana, wote wazima. Duka langu linakwenda, ingawa barabara ikifungwa unga unakosekana. Mama anauliza kila siku kama umepiga simu, nami namjibu una masomo mengi.

Jana Sophie alinipigia. Hakulia wala hakugomba. Alisema siku moja baada ya Noeli atashuka mpaka kwenye lile gogo, atangoja. Ukija, atakutangulia, na utakanyaga pale atakapokuambia ukanyage, mpaka uwanjani kwao. Usipokuja, baba yake atashusha mbuzi Mutwanga tukawachukue. Unajua maana ya mbuzi kushuka.

Najua Noeli mmepanga kwenda kuteleza na wenzako. Njoo uteleze huku. Matope tunayo ya kutosha.

Baba mkubwa anakusalimu, na amenikataza kukugombeza, ndiyo maana nimeandika akiwa amelala. Tante Kanyere anakusalimu. Henri anasema mgongo unamuuma, na deni lake utamlipa kwa kumbeba yeye. Mama anakubusu. Mungu akulinde njiani, akufungue masikio kabla ya macho.

Na neno la mwisho. Usiiangalie tena ile picha kwenye simu. Mpigie Sophie leo, umuulize njia ya kwao ikoje. Halafu unyamaze mpaka amalize.

Wako akupendaye, hata leo,
Dada yako Kavugho