Sayari ya Menaten Barod

Jumatatu, 18 Februari 2019

Barua pepe ya chama cha mashabiki imefika! Desmond ameandika yote kwa herufi kubwa, na Desmond si mtu wa herufi kubwa. Kanda imepatikana. Kanda yenyewe, ya asili — si nakala ya nakala ya nakala. Ni sehemu ya nne ya kisa cha Kiti cha Barafu, ya mwaka 1967, ile ambayo wenye televisheni waliifuta ili warekodi mbio za farasi juu yake. Wajinga! Imeokotwa darini, nyumbani kwa mwanachama mmoja marehemu kule Leeds. Ni sauti tu, picha hamna. Mtoto fulani aliweka maikrofoni mbele ya televisheni akarekodi. Hata mimi nilirekodi kanda zangu enzi hizo. Moja nilimpostia mkusanyaji mmoja nikiwa na miaka ishirini na miwili, ikapotelea hukohuko.

Kipindi chetu, Taa ya Mbali, kiko hewani mwaka wa hamsini na tano sasa. Walinzi kumi wameishika taa ile inayoongoza vyombo kati ya nyota, na mimi nimewaona wote, tangu wa kwanza, yule mzee wa kikohozi. Hapa Rhydaman huniuliza: Menna, mtu mzima wewe, bado unaangalia mambo ya watoto? Ndiyo, naangalia. Wao wanaangalia wanaume thelathini wakigombea mpira wenye umbo la yai.

Jumamosi tunakutana Bristol. Gwilym kakumbuka tarehe kabla yangu. Siku hiyo ni raga, Welisi na Uingereza! Akashusha gazeti. "Yaani utakuwa kwao? Siku hiyo? Mke wangu wa ndoa?" Kasema afadhali ningekimbia na mwenye bucha.

Jumatano, 20 Februari

Nimepiga pasi fulana yangu ya buluu. MENATEN BAROD, kifua kizima.

Nani asiyelijua jina hilo? Ni sayari ya Wasio na Kope, wale maadui wasiolala. Limetamkwa mara moja tu katika miaka yote hii, kwenye hiyo sehemu ya nne: king'ora kinalia, halafu sauti ya mwanamke — Malkia wao — inaita. Basi. Kwenye nakala tulizokuwa nazo ni mikwaruzo mitupu, unasikia kile ulichoambiwa utasikia. Lakini jarida la chama lililichapisha mwaka 1981 na tangu hapo halijabanduka. Ndiyo salamu yetu. Mmoja anasema "Menaten!" mwenzake anajibu "Barod!" Desmond kalichora tatuu, kutoka kiwiko mpaka kifundo cha mkono. Mwenyekiti wa chama, mhasibu mstaafu, na tatuu!

Mimi huwa naona fahari kwamba sayari inaanza kama jina langu. Sijamwambia mtu. Ni utoto.

Alhamisi, 21 Februari

Mvua. Supu ya kondoo na viazi. Gwilym bado amenuna.

Jumamosi, 23 Februari

Ndani ya treni, narudi.

Watu themanini ukumbini. Mwelisi peke yangu, kama kawaida. Desmond alisimama mbele, mikono ya shati kaikunja ili tatuu ionekane. Alieleza alivyoisafisha kanda miezi mitatu, kwa siri, kabla ya kututangazia. Ametoa mlio wa saa ya ukutani. Ametoa mbwa. Ametoa kiti kilichoburutwa. Akasema sheria yake, nasi tukaitikia kwa sauti moja, tunaijua kwa moyo: kisichokuwemo kwenye kipindi hakikai. Nilijisikia vizuri sana. Hawa ndio watu wangu, nilisema moyoni, watu wanaoweza kukaa miezi mitatu wakimwinda mbwa mmoja.

Akaichezesha. King'ora. Upepo wa barafu. Kisha ile sauti, safi, kama mtu kasimama nyuma ya mlango.

Ukumbi mzima ukainuka. "Barod! Barod!" Wanapiga miguu sakafuni. Bibi mmoja kando yangu analia.

Mimi sikuinuka. Sikuweza.

Siyo Malkia. Ni Mama.

Gwilym ametuma ujumbe. Tumeshinda, ishirini na moja kwa kumi na tatu. Nimemjibu: hongera.

Jumapili, 24 Februari

Sikwenda kanisani. Nimemwambia Gwilym kichwa kinaniuma. Naye kichwa kinamuuma, ila chake tunajua kimetokea wapi.

Acha niandike taratibu.

Tarehe 11 Novemba 1967, Jumamosi jioni. Nina miaka kumi. Baba alikuwa na mashine ya kanda, aliinunua kwa ajili ya mazoezi ya kwaya, nami niliomba wiki nzima niitumie. Nikawakataza wote wasitoe neno. Nusu saa tu! Baba akaenda kukaa kibandani. Mama alikuwa jikoni, anakaanga viazi na mayai. Mayai hayasubiri mtu. Katikati ya king'ora, pale pale, akaita kama alivyoita kila jioni ya Mungu:

"Menna! Te'n barod!"

Menna, chai tayari. Kwetu chai ndiyo mlo wenyewe wa jioni. Hakuna neno la kawaida kuliko hilo kwa Kiwelisi, kila nyumba ya mtaa huu linasemwa. Waingereza wamelipasua pasipo pake: Menaten, Barod. Na mimi je? Miaka thelathini na minane nimelisoma kwa Kiingereza kama wao, nimelivaa kifuani, nikaona fahari eti linafanana na jina langu. Linafanana! Menna wee, akili ni nywele, kila mtu ana zake, zako zilinyolewa.

Jioni ile nililia. Nilimwambia ameniharibia kila kitu. Nilimwambia simpendi. Sikwenda mezani. Aliita tena, taratibu, nami nilimsikia vizuri sana, sikuitika. Alinifunikia sahani akaiacha ndani ya oveni. Kanda sikuisikiliza tena, kwa hasira tu. Kisha mashine ikaharibika, na kanda ndiyo ile niliyokuja kuiposti.

Baada ya miaka mitatu akafa. Nilikuwa na kumi na tatu.

Picha zake tunazo nne. Sauti, hamna. Na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Gwilym: nilikuwa nimeisahau. Maneno nayakumbuka, mlio wake ulishanitoka. Nilijaribu kuutafuta nikiwa jikoni, nikiwa bafuni. Haukuja. Jana umekuja, mbele ya Waingereza themanini.

Jioni

Nimecheka mpaka Gwilym akaja kuniangalia. Fikiria! Watu wazima, wenye digrii zao, wanakumbatiana Bristol na Leeds na wapi sijui, wanaambiana: Menna, chai tayari. Wamelichapisha kwenye vikombe. Desmond atazikwa nalo. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuvuka mto Severn kuingia Uingereza, ameshakuwa malkia wa sayari! Angejua angesema nini? Angesema: na bado chai inapoa.

Nina fahari naye. Naiandika waziwazi. Nina fahari mpaka kifua kinauma.

Gwilym sijamweleza. Anakunywa na nusu ya mji, kesho yake Rhydaman nzima ingejua. Na jambo lenyewe halitaki kujulikana. Toleo jipya la sehemu hiyo linatoka Mei, na picha za kuchorwa. Desmond anaifunga kazi ya sauti wiki hii. Nikifungua mdomo, sheria ni sheria: Mama si wa kipindi. Atamtoa pamoja na saa na mbwa. Tena atamtoa vizuri, kwa ufundi, hutajua kama aliwahi kuwepo.

Jumanne, 26 Februari

Desmond amepiga simu. Wakati anaisafisha kanda hakulitazama sana boksi lake. Sasa ametazama. Ndani ya kifuniko kuna penseli imefifia: M. Rees, Rhydaman.

"Menna, wewe si wa huko? Mimi sijui hata linavyotamkwa. Huyo Rees akiwa hai, lazima jina lake liandikwe kwenye toleo. Huyo ni shujaa!"

Rees. Jina la baba yangu. Mimi nimekuwa Menna Prosser tangu 1983, atajuaje?

Nikasema: akina Rees huku ni kama vile vitunguu vyetu vya liki shambani, ukikanyaga unakanyaga mmoja. Hakucheka. Anakuja mwenyewe Ijumaa, na kompyuta yake. Anataka kuzunguka makaburini na kwenye vitabu vya makanisa, na ameniomba niwe mkalimani. Masikini! Ni mtu mwema, hilo ndilo tatizo. Angekuwa mshenzi nisingesumbuka.

Jumatano, 27 Februari

Nimepima hivi na vile tangu asubuhi.

Nikinyamaza: Mama anabaki, kila mtu atakayenunua toleo hilo atamsikia, hata mimi nikiwa nimekufa. Ila atabaki kama Malkia wa Wasio na Kope. Nami nitakuwa mwanachama mwongo — mimi, niliyemwandikia jarida barua tatu kwa sababu walikosea rangi ya koti la Mlinzi wa pili!

Nikisema: Desmond anaujua ukweli, na mkono wake una chakula changu cha jioni kwa maisha yake yote. Na Mama anafutwa. Safari hii kwa mdomo wangu mimi.

Nimeshamnyamazisha mara moja. Inatosha.

Nitanyamaza. Basi, nimeamua. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini mimi nina umri wa miaka sitini na moja, yangu haihitaji kuwa ndefu.

Ijumaa, 1 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Daudi. Gwilym kavaa ua lake la njano kifuani na suruali ya bustani, hivyohivyo.

Naandika nikiwa nimesimama, kwenye meza ya jikoni. Lazima niandike sasa hivi, baadaye nitasema haikuwa hivi.

Desmond alifika saa nane. Kavaa tai kwa heshima ya sikukuu yetu. Alitazama rafu zangu za Taa ya Mbali, miaka yote imepangwa kwa mpangilio, akasema hata yeye hana hivyo. Nilivimba kichwa, sikatai. Tukazunguka makaburi mawili kwenye mvua. Alinionyesha Rees baada ya Rees, nami nikatikisa kichwa. Huyu alikufa vitani, huyu alikuwa mchungaji. Kaburi la Mama tulilipita. Alilisoma jina kwa sauti, akalitamka vibaya, akasema mwaka 1970, alikufa mapema mno huyu. Nikasema ndiyo.

Tukarudi. Alifungua kompyuta sebuleni. Kanieleza: akitoka hapa anaifunga kazi, kesho inaondoka. Ila kuna kitu kinamsumbua, kabla ya jina la sayari kuna mlio mdogo kama wa bamba la chuma, anafikiri si wa kipindi. Nilijua ni nini. Ni mlango wa oveni yetu. Nikasema mimi sisikii kitu. Nikasema ngoja nikuletee chai.

Nimekuja huku. Birika likachemka. Nimekata mkate wa zabibu, nimepaka siagi. Nilikuwa nafikiria oveni, kilichonipata ni hicho. Nikafungua dirisha, kama ninavyofanya kila siku ya Mungu kwa miaka thelathini na sita, nikamwita mume wangu kibandani:

"Gwilym! Te'n barod!"

Imetoka vile vile. Ule mpando wa mwisho, ule mvuto kwenye te. Sikujua kama ninao. Nilidhani nimeupoteza, kumbe nilikuwa nautumia kila jioni.

Sebuleni nikasikia Desmond anabonyeza.

Halafu kanda. Fupi tu, pale pale. Mama: "Menna! Te'n barod!"

Gwilym kaingia, anafuta buti, kageuza shingo. Kaniuliza kwa Kiwelisi chetu, kawaida tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Nani huyo anakuita sebuleni?"

"Mama," nimesema.

Amenitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hana utani. Kavuta kiti, kakaa, ua lake la njano limelowa.

Kiti cha Desmond hakijasogea. Kikombe chake nimekijaza, kinapoa. Mlango uko nusu wazi na ninauona mkono wake tu, ule wa tatuu, uko juu ya meza, na kidole kimoja kinazifuata herufi, moja moja, kama mtoto anayejifunza kusoma. Sasa kimefika mwisho. Sasa amebonyeza tena.

Anaita tena. Mwaka ule sikuitika. Acha niende.