Kilo Sifuri

Jumatatu, 3 Machi
Stesheneri inafungwa mwisho wa mwezi. Bosi kasema huku anafuta miwani, hata hakunitazama. Miaka minne ya kutoa fotokopi, kwisha!

Limebaki tumaini moja. Ule mradi wa watafiti — programu huria ya kuchora grafu za ukuaji wa watoto. Mtu yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Wanachukua mwanagenzi mmoja, kwa mshahara, ila rekebisho lake la kwanza liwe limekubaliwa kabla ya Ijumaa jioni. Mimi niliyejifunza kwa video! Nimeshatuma mawili. Yote yamerudi.

Jumanne, 4 Machi
La tatu nalo limerudi. Mlezi wa mradi, yule anayepitisha marekebisho, simjui sura, picha yake ni kikombe cha chai. Kaandika kwa upole kabisa kwamba nimerekebisha kitu ambacho hakikuwa kimeharibika. Heri angenitukana. Nimelia chooni mpaka mteja akagonga, anataka picha za pasipoti.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeipata! Kasoro ndogo, imekaa miezi bila mtu kuigusa. Ukiacha nafasi tupu kwenye safu ya uzito, programu inagoma. Nimeiambia: ukikuta tupu, soma sifuri. Mstari mmoja tu! Majaribio yote ya programu yamepita. Nimetuma bosi akiwa kaenda kula. Nimemtolea mtu nakala arobaini badala ya nne.

Ijumaa, 7 Machi
LIMEKUBALIWA!! Kikombe kasema kazi safi, toleo jipya litatoka Jumatatu, na jina langu ndilo la kwanza kwenye orodha ya uanagenzi. La kwanza! Dada kapiga vigelegele mpaka jirani kaja kuuliza nani kaposwa.

Jumamosi, 8 Machi
Najuta kuzaliwa.

Dada ni muuguzi, anapima watoto kliniki. Kompyuta ni yake, chumba ni chake. Leo karudi na vipimo vya mtoto mmoja vya mwaka jana: haya mtaalamu, nichoree na mimi. Tukajaza. Machi, kilo sita na nusu. Aprili hakuletwa, tukaacha wazi. Mei, kilo saba. Mstari ukaporomoka hadi chini kabisa, kisha ukapanda.

Dada akacheka. "Kafa Aprili, Mei kafufuka?"

Halafu akaacha kucheka. "Mdogo wangu, mtoto asiyeletwa hana kilo sifuri. Hajaletwa tu. Sisi tunaweka kistari."

Vistari! Kadi zile za kliniki nimezitolea fotokopi mimi, maelfu. Miaka minne vistari vinapita chini ya macho yangu!

Jumapili, 9 Machi
Tangu asubuhi najaribu kurekebisha. Kila nikigusa, majaribio yanaanguka. Sijui vya kutosha, huo ndio ukweli.

Kesho toleo linatoka. Watafiti watalipakua. Pale ambapo akina mama wanakaa mbali na kliniki na kuruka miezi, watoto wataonekana wamekonda wote — au wamekufa. Watu watapanga chakula na dawa kwa grafu yangu.

Nikisema, nafasi inakwenda kwa mwingine. Nikinyamaza, nani atajua? Dada. Na mimi. Naogopa, jamani. Naogopa kurudi kuwa mzigo kwake.

Saa kumi. Dada kaja na chai, kakaa kitandani. Anakunja nguo ambazo zilishakunjwa.

Nimeandika: "Rekebisho langu lina kosa. Nafasi tupu si sifuri. Msitoe toleo. Kulitengeneza nimeshindwa." Nimefuta ile sentensi ya mwisho. Nimeirudisha.

Nimetuma.

Dada kanishika bega, katoka kwenda kuanua nguo. Kikombe bado kimya. Nimefungua orodha — jina langu lipo. Nimefungua tena. Lipo. Chai imepoa. Nafungua tena